Siku Peterson Alimchagua Shiru

Peterson alimchagua binamu yangu Shiru siku ya mahari yangu, mbele ya baba yangu na wazee wa pande zote mbili. Huku kwetu Mau Narok watu wakikumbuka hiyo siku wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu. Mimi nilijaribu kucheka ikakataa.

Kwa asiyejua, kwetu Wakikuyu watu wa kijana wakileta mahari, msichana hatolewi tu hivi hivi. Wasichana kadhaa wanafunikwa leso kuanzia kichwani, wanapangwa mstari, kinachobaki nje ni nyayo peke yake, halafu kijana anaambiwa amtoe wake. Akikosea anatozwa mbuzi na anachekwa. Wanasema ni mchezo, lakini mimi sijaona mzee akisahau kijana aliyekosea. Kuna mmoja hapa kijijini alikosea kabla mimi sijazaliwa, na mpaka leo akiingia dukani lazima aulizwe kama amekuja na bibi wake au wa jirani.

Sasa mimi Mugure si mtu wa kuachia bahati mambo yangu. Tuliiba mtihani. Nilimpigia Peterson simu nikamwambia nitapaka kidole gumba cha mguu wa kulia rangi ya bluu, hivyo vingine niviache vitupu. Akaniambia hata bila rangi atanijua, kwani miguu yangu ameanza kuiona juzi? Wanaume kwa kujisifu. Nikamwambia aangalie bluu na aache maneno mengi.

Peterson ni dereva. Hubeba viazi kutoka huku juu kwetu mpaka soko la Nakuru, na ndivyo tulivyojuana, mimi nikihesabu magunia ya baba, yeye akidai nimekosea hesabu ili tuongee zaidi. Siku hiyo alikuja na lori la tajiri wake, limeoshwa likang'aa, nyuma limepangwa mabenchi na kufunikwa turubai. Humo walikaa akina mama wa kwao, na mama yake mzazi akakaa mbele. Waliimbishwa langoni karibu saa nzima kabla ya kufunguliwa. Tata Immaculate, shangazi yangu aliyesimama mahali pa marehemu mama, alikataa kabisa kuwahurumia.

Tukafunikwa, jua likiwa limeshaanza kuinama. Leso si nzito, ukitulia unaona kidogo kupitia kitambaa. Nikamwona akija na rafiki yake Ogada, naye ni dereva, ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Peterson alikuwa anapepesa macho sana. Nikadhani ni woga, moyo ukanilainika. Akafika mbele yangu, akainama, akaangalia miguu yangu kama mtu anayesoma gazeti la jana. Nikakitikisa kile kidole. Akapita.

Shiru alikuwa wa pili kutoka kwangu, amevaa viatu vya wazi vyenye mikanda ya bluu. Peterson akasimama pale, akatabasamu, akamshika bega, akasema, "Ni huyu."

Leso ikavutwa, Shiru akatokea akicheka, akauliza wazee kama anaruhusiwa kukubali. Boma lote likaangua kicheko. Baba hakucheka. Mama yake Peterson pia hakucheka, alikuwa anaangalia chini. Kijana akaambiwa ajaribu tena, na mimi kwa macho yangu nikamwona akimuuliza Ogada kitu kwa sauti ya chini, na Ogada akipitisha macho kwenye miguu yetu, kisha akinyoosha kidevu upande wangu. Hivyo ndivyo nilivyopatikana siku yangu, kwa kidevu cha Ogada.

Hasira niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi. Rangi nilimpa, kidole nikamtikisia, bado akaenda kwa Shiru, na Shiru ni mrembo, tusidanganyane. Nikaanza kukumbuka vitu. Siku hizi nikimwandikia ujumbe hajibu kwa kuandika, anatuma sauti. Picha nikimtumia hasemi lolote juu yake. Nikajumlisha hayo yote nikapata mwanamke mwingine. Watu walipokaa kula, nikamwambia tata nataka kumwonyesha Peterson mbegu ya viazi. Tata akaniangalia, akasema mbegu isichukue muda mrefu.

Ndani ya stoo nilimpasulia. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia. Nilimuuliza kama anamtaka Shiru, aseme sasa hivi wale mbuzi wabadilishwe jina. Akaniacha nikamaliza yote. Halafu akakaa juu ya gunia, akatoa mfukoni kichupa kidogo cha plastiki, akainua kichwa akajidondoshea dawa jicho moja, kisha la pili, hapo hapo mbele yangu. Nikamuuliza hiyo dawa ni ya nini.

Aliniambia ilianza wakati wa mvua ndefu. Macho yakawa makavu, kama yameingia vumbi la mchanga, akiamka kope zinakwama. Hiyo angeivumilia. Shida ni ukungu. Asubuhi anaona vizuri kabisa, lakini jua likishaanza kurudi chini, kila kitu kinaloa na kusambaa, sura za watu, vibao vya barabarani, maandishi ya simu. Akipepesa, vinakaa sawa kidogo, halafu vinapotea tena. Kidole changu hakukiona. Aliona kitu cha bluu miguuni mwa mtu akashukuru Mungu.

Nikamuuliza madaktari wanasemaje. Akacheka bila furaha. Amezunguka Nakuru mpaka amechoka. Amepimwa sukari, hana. Presha ya macho, iko sawa. Kichwa kimepigwa picha, hakuna kitu. Kwenye ile chati ya herufi anasoma mpaka mstari wa chini, kwa sababu kliniki humwita asubuhi. Mmoja alimwekea kikaratasi chini ya kope akamwambia machozi yake ni machache, akampa haya matone. Yanapunguza mchanga, ukungu yanauacha pale pale. Mwingine akamuuzia miwani ambayo haisaidii. Mwingine akamwambia ni mawazo, aoe atulie.

"Kila mtu ananiambia sina kitu," akasema. "Ningekuwa na ugonjwa wenye jina ningekuja nikwambie jina. Sasa ningekwambia nini, Mugure?"

Nilitaka kuendelea na hasira, kwa sababu alinificha miezi yote hiyo, lakini niliona jinsi alivyokishika kile kichupa kwa vidole vyote, na hasira ikanitoka. Nilikaa karibu naye kwenye gunia. Nilimwonea huruma sana, na niliogopa.

Nje akina mama wa kwao wakaanzisha wimbo. Wimbo huo ndio ulionikumbusha lori. Nikamuuliza nani atawarudisha hawa watu. Akasema ni yeye, nani mwingine. Nikachungulia mlangoni. Jua lilikuwa limeshashuka sana, na huku kwetu jioni ukungu wa kweli unashuka, si wa macho. Barabara ya kutelemka Njoro ninaijua, kona juu ya kona, na magari ya mizigo hayampishi mtu.

Nikamwambia ampe Ogada funguo. Akakataa. Akasema barabara hiyo anaijua kwa kichwa, anaenda polepole akifuata taa za walio mbele, na hajawahi kugonga hata kuku. Nikamwambia kuku hawakai nyuma ya lori wakiimba. Ndipo akanishika mikono akanisihi. Ogada akichukua usukani leo watu watauliza, wakiuliza itajulikana, na kesho tajiri atakuwa amesikia. Dereva asiyeona nani atampa lori? Na baba yako, akasema, atatoa msichana wake kwa mtu wa namna hiyo? Leo tu. Leo apite, kesho atasema yeye mwenyewe.

Tata akaniita kabla sijajibu.

Wazee walikuwa wameshakaa. Baba alikuwa na pembe ya muratina mkononi, ile pombe yetu ya asali. Hapo ndipo penyewe, kwa sababu mzazi hainywi ile pombe mpaka amuulize msichana wake mbele ya wote, na msichana akisema kunywa, basi ameolewa, hakuna kurudi nyuma. Baba yangu Maina si mtu wa hotuba. Aliniuliza, "Mugure, hii ya watu hawa ninywe?"

Nilimpenda Peterson, acha niseme wazi. Nilikuwa nimeshapanga mpaka mapazia. Neno moja tu lilitakiwa, na akina mama walikuwa wameshakusanya pumzi za vigelegele. Nikawaangalia mmoja mmoja wale mama, mmoja alikuwa amevua viatu kwa sababu vilimbana, na nikajua nikisema kunywa, baada ya nusu saa watapanda lile lori na mimi, kwa kuwa msichana hachukuliwi siku hiyo hiyo, nitabaki langoni nikiwapungia.

"Baba," nikasema, "kabla sijajibu, Peterson ana neno."

Peterson aliinua uso akanitafuta. Aliangalia karibu na mimi, kidogo kando. Nikajua amekasirika na nikajua anaweza kusema hana neno lolote, na hapo mimi ningefanya nini? Kumsemea singeweza. Kunyamaza pia singeweza. Ogada akamgusa goti kumwambia asimame, akidhani ni hotuba ya shukrani.

Akasimama. Akatoa funguo mfukoni, akapapasa mkono wa Ogada, akaziweka kiganjani.

"Jioni sioni vizuri," akasema. "Tangu mvua ndefu. Hospitali zimeshindwa kujua ni nini. Nilimkosa Mugure kwa sababu sikumwona, na nilikuwa nataka kuwarudisha nyumbani hivyo hivyo."

Mama yake akajifunika uso na kitambaa, akaanza kulia. Mzee mmoja akasema kijana huyo amerogwa, mwingine akasema ni pombe, na Peterson hata hanywi. Kila mtu alikuwa na jina la ule ugonjwa isipokuwa waliousomea. Ogada alikaa akiangalia zile funguo, akafunga mkono. Tata Immaculate akaniangalia kwa macho ya kuniuliza kama nilijua, nikatikisa kichwa kwamba nimejua leo.

Baba akaweka pembe mezani. Akangoja mpaka mzee wa mwisho akamaliza maoni yake.

"Mugure," akasema, "huyu akipofuka?"

Sikuwa nimejiuliza hilo swali mpaka lilipotoka mdomoni mwake. Nikaenda pale mezani, nikaichukua ile pembe mwenyewe, nikaonja, nikampa baba anywe.

"Akipofuka, baba, atakuwa kipofu wangu, nitamshika mkono. Lakini akinificha kitu tena, nitamshika huo huo mkono mpaka kwa mama yake, nimwache huko."

Hakuna aliyecheka. Peterson aliitikia kwa kichwa, akiangalia pale sauti yangu ilipotoka. Baba akainua pembe akanywa, akina mama wakapiga vigelegele vya kusitasita, na mimi nikaenda nikamshika Peterson mkono, kwa sababu maneno yote mawili niliyasema kwa kweli.