Mbeleko Iliyofungia Zawadi

Badaplin alikuwa na mikono, hilo hata wabaya wake walilikubali. Mpe karatasi ya kaki, ukamba wa mwanzi na tunda kavu la msonobari, atakufungia kipande cha sabuni mpaka uone haya kukifungua. Mdomo nao haukuwa nyuma. Alipofika kijijini kutoka mji wa Shillong kwa ajili ya Krismasi, akina mama wa kanisa walimkabidhi zawadi kumi na nne za kufunga, naye akawaambia hataki kuona karatasi za kumetameta hata kwa dawa.

"Tunaishi katikati ya msitu, halafu tunanunua urembo wa plastiki? Aibu gani hii, jamani!"

Basi akakaa jikoni kwa mama yake na kuanza kazi. Zawadi tisa alizifunga kwa yale majani mapana yanayofungiwa nyama sokoni, akachomeka kijiti cha mdalasini hapa, tawi la msonobari pale. Zilipobaki tano, majani yakaisha. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Mei, alikuwa sokoni. Mdogo wake, Ibakor, alikuwa amekwenda kliniki. Badaplin akaingia chumbani, akafungua kasha, akatoa kitambaa cha kale cha drafti, chekundu na cheusi, laini kwa kufuliwa miaka na miaka. Akakitazama, akaona tayari jinsi zawadi zake zitakavyopendeza. Akakikata vipande vitano.

Hakuuliza. Na alijua kwamba alipaswa kuuliza, maana katika nyumba ya Wakhasi, watu wa milima ile ya India, kila kilichomo, mpaka kijiko, huwa mikononi mwa kitindamimba wa kike. Kitindamimba alikuwa Ibakor. Yeye Badaplin ni mkubwa, ana kwake mjini, na pale ni mgeni tu wa kukirimiwa chai. Lakini alijiambia kwamba tambara ni tambara. Jioni ile zawadi zikapelekwa kanisani.

Kesho yake Mei akafungua kasha ili aianike mbeleko juani. Hapo ndipo Badaplin alipoelewa. Kitambaa kile kilimbeba bibi yao, kikambeba Mei, kikawabeba wao wawili. Sasa kilikuwa kinamsubiri mtoto wa Ibakor, ambaye mimba yake ilikuwa ya miezi minane, baada ya miaka tisa ya kungoja na kulia.

"Ibakor! Mbeleko iko wapi?"

"Si imo kashani, Mei?"

"Ingekuwamo ningekuuliza? Nyumba nzima umeachiwa wewe, kitambaa kimoja kimekushinda! Mtoto je, utamweza?"

Ibakor akashika kiuno, akainama kuchungulia kashani. Badaplin alikuwa palepale, anatafuna tambuu. Neno lilikuwa moja tu, "nimekikata mimi," na lingekwisha kwa ukali wa dakika mbili. Alifungua kinywa kulisema. Likatoka jingine.

"Labda panya, Mei."

"Panya?" Ibakor aligeuka, uso umejaa matumaini. "Kweli, Kong! Wanakokota vitambaa wakajengee viota. Huenda tukakipata kizima!"

Masikini, aliamini. Kong, yaani dada mkubwa, amesema, nani abishe? Siku mbili Ibakor alitambaa na tumbo lake lile, chini ya vitanda, nyuma ya magunia ya viazi, ndani ya rundo la kuni. Badaplin alimmulikia tochi. Alimsihi apumzike, akamchemshia chai nyekundu, akamkanda miguu iliyovimba, na kila alipoinua kichwa kusema, aibu ya uongo ikawa kubwa kuliko aibu ya mkasi. Mkesha wa Krismasi, mchana, alikimbia kanisani azifunge upya zile tano. Akamkuta Kong Tiewli, kama wote walivyomwita kwa heshima, kiongozi wa akina mama, amezikalia kama mlinzi wa benki.

"Ondoa mkono wako hapo! Msanii gani anaharibu kazi yake mwenyewe?" akacheka. "Nenda kapumzike."

Akaenda. Nguvu ya kusema ukweli hakuwa nayo.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, watu wakakaa uani juani, majina yakaanza kuitwa. Mei akaitwa. Akapokea kifurushi chenye drafti nyekundu na nyeusi, akakipapasa, akaona kiraka alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Hakukifungua. Aliinua macho, wala hakumtazama Badaplin, maana cha nyumba hakitoki bila ruhusa ya kitindamimba.

"Ibakor," alisema, na sauti yake ilifika mpaka langoni. "Ulimpa dada yako mbeleko aikate, halafu mkanizungusha na habari za panya?"

Ibakor alikuwa ameduwaa, mikono juu ya tumbo.

"Ni mimi," Badaplin akasema. "Mei, ni mimi. Nilikata bila kuuliza. Panya niliwabuni. Mdogo wangu hakujua lolote."

Akapiga magoti mbele ya Ibakor, akilia mbele ya watu wote bila kujali.

"Nimeingia chini ya kuni, Kong," Ibakor alisema polepole. "Na wewe unanimulikia."

Wenye zawadi nyingine nne za drafti wakafungua vitambaa, wakavirudisha kimoja kimoja kwenye mapaja ya Mei.

Badaplin hakurudi Shillong. Alishona vipande vile kila siku dirishani, mshono juu ya mshono, vidole vikitoboka, mpaka mbeleko ikawa nzima tena. Mtoto alizaliwa wiki ya pili ya Januari, msichana, na Badaplin akampelekea mdogo wake ile mbeleko, imefuliwa na kukunjwa. Ibakor aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote anazostahili dada mkubwa, akamshukuru, akamwuliza kama amekunywa chai. Kisha akaitia ndani ya kasha na kulifunga kwa kufuli jipya, katika nyumba ambayo haikuwahi kuwa na kufuli.