Damu ya Mzee

Isaya alipofika barazani na karatasi zake, Antonia alikuwa akishona upindo wa joho la mkuu wa chuo. Macho yalimuuma. Mguu wa kulia, uliokanyaga cherehani miaka thelathini hapo Karatu, siku hizi ulikufa ganzi kabla ya saa nne. Mwaka huu chuo kikuu kimeagiza majoho yaliyoshonwa tayari Dar. Hili lilimrudia kwa sababu lilifumuka tu. Baada ya hapo, basi.

Isaya, karani wa chuo, alisema kijitabu cha historia ya rangi za chuo kinakwenda kuchapwa leo. Ameona mama asomewe kwanza, maana majoho ya mwanzo aliyashona yeye.

"Manjano ni nuru ya elimu," akasoma. "Damu ya mzee ni kumbukumbu ya mzee aliyemwaga damu yake juu ya udongo huu."

Antonia akaondoa mguu kwenye cherehani.

Mzee gani tena? Damu ya mzee ni jina la rangi, kila muuza vitambaa anaijua. Antonia akamweleza yote. Mkuu wa kwanza alitaka bluu, tena alikuja kuiomba Alhamisi, mahafali Jumamosi. Bluu aitoe wapi? Ndani kulikuwa na kitambaa cha manjano cha bitana, na jora moja la damu ya mzee ambalo mumewe, Bartolomeo, alilinunua Arusha la kanzu za kwaya. Bartolomeo alikwenda Mang'ola kuwapima wanakwaya. Lori la vitunguu alilopanda kurudi likapinduka. Msiba haujamaliza mwezi, mjane akalikata jora lile huku analia. Mkuu akauliza rangi hiyo inaitwaje. Akamtajia, naye akaandika.

"Weka jina la Bartolomeo, mwanangu. Mstari mmoja tu."

"Siwezi, mama. Kikao kimeshapitisha."

Miaka kumi na minane ameitazama rangi ile ikipanda jukwaani, akijisemea moyoni kwamba ni ya Bartolomeo. Leo wamempa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Angegombana, lakini alikuwa amechoka, hoi kabisa.

"Huyo mzee wenu ana jina?"

Isaya akapekua karatasi, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Hapana, mama. Wameandika mzee tu."

Antonia akakata uzi kwa meno. Akalitandaza joho mapajani na kulinyoosha kwa kiganja, taratibu, kuanzia mabegani, kama alivyokuwa akimnyooshea Bartolomeo kanzu.

"Hebu rudia hapo pa mzee," alisema. "Polepole."