Nyayo za Eugen Kübler

Jumamosi hiyo kibao cha zamu ya usafi, kinachohama mlango hadi mlango kila wiki, kilining'inia mlangoni kwa Bi Renz, ghorofa ya kwanza, naye alikuwa amepiga deki ngazi nzima mpaka darini. Zamu ya asubuhi ilipotoka kiwandani, Eugen Kübler akapanda na viatu vyake vya grisi. Eugen alikuwa marehemu tangu baridi ilipoisha.

"Kufa kafa, sawa," Bi Renz akafoka. "Lakini ngazi yangu jamani!"

Nyayo hazikuishia ghorofa ya pili kwa mjane wake, Irmtraud. Zilipita mlango wake bila kusita, zikaenda ghorofa ya tatu kwa Siegmar Dieterle, msimamizi wa mashine za kukandamiza mabati. Hilo ndilo lililomkata maini Irmtraud.

Mji mzima wa Maurenfeld unakula kwa kuunda magari ya kifahari, na kiwanda kilishasema: Eugen alifungua mwenyewe geti la usalama la mashine, nayo ikambana. Uzembe wake. Irmtraud hakukubali hata chembe. Mtu aliyerudi jikoni mara mbili kuhakikisha jiko limezimwa, ndiye afungue geti? Alitaka kitu kimoja tu, jina la mumewe lisafishwe.

Jengo likamshuku yeye. Ati anavaa viatu vya marehemu ili amwaibishe Dieterle. Wakaja kuvitafuta kabatini, kisha wakakumbuka kwamba alizikwa navyo. Kuomba radhi? Thubutu!

Irmtraud akamkabili Dieterle uani, aliyekuwa akisugua gari lake jipya la mwaka ule.

"Bwana Dieterle, mume wangu anafuata nini kwako?"

"Mazoea tu, Bi Kübler. Tulifanya kazi pamoja."

"Mazoea! Na mimi niliyelala naye miaka yote hiyo, hana mazoea na mimi?"

Dieterle akaendelea kusugua palepale palipokwisha kung'aa.

Wakazi wakakutana kwenye chumba cha baiskeli. Hakuna aliyeuliza marehemu anataka nini. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto au mkwe anayefanya kazi chini ya Dieterle. Wakakata shauri upesi: grisi ni ya Kübler, basi aifute Kübler. Kibao kikahamia mlangoni kwa Irmtraud, kikapigiliwa msumari. Dieterle akanunua zulia jipya la kufutia miguu.

Jumamosi iliyofuata Irmtraud akapanda na ndoo, akifuta unyayo mmoja mmoja kwa fulana kuukuu ya Eugen. Alipofika ghorofa ya tatu akasikia ndani sauti ya mumewe, ileile ya upole.

"Waambie, Siegmar. Waambie ni wewe uliyeniamuru nifungue geti, ili kazi isisimame."

"Kunywa kahawa, Eugen, inapoa."

Irmtraud akagonga. Ndani redio ikaongezwa sauti. Mpira ulikuwa unatangazwa. Akagonga tena kwa ngumi, wapi. Akashuka mpaka kwa Bi Renz, aliyekuwa amesimama mlangoni pake.

"Nimemsikia kwa masikio yangu! Dieterle ndiye aliyemwamuru!"

"Hata mimi nilimsikia, wiki ile," Bi Renz akasema. "Hapo kwenye kona umebakiza."

Irmtraud akatazama. Kweli, alikuwa amebakiza. Akainama akafuta.