Mama Alivyolizunguka Kuba Kinyume

Jana, baada ya kula maharage mengi kuliko ilivyofaa, nililala nikaota niko Kathmandu na mama yangu, Nakijwa, kwenye ziara fupi ya kutembezwa mahali patakatifu. Mama hajawahi kutoka Same kwenda mbali zaidi ya Moshi, lakini ndotoni alikuwa mwenyeji. Alisema milima ya Himalaya ni mirefu kweli, ila haina migomba.

Kiongozi wetu aliitwa Purna, bwana wa makamo mwenye kofia ya rangirangi. Alizungumza Kipare safi na hakuna aliyeona ajabu.

Kwenye lango la hekalu la kwanza amelala ng'ombe. Purna anatuambia ngozi haziingii ndani. Navua mkanda, navua viatu. Ng'ombe anatikisa kichwa.

"Zote," anasema, akiniangalia mikono.

Naanza kutafuta zipu shingoni. Mama akamuuliza ng'ombe, kwa upole, yeye mwenyewe amevaa nini. Ng'ombe akageuka, akautazama mgongo wake kwa muda mrefu, kisha akainuka na kuondoka bila kuaga.

Tukaingia. Ndani ya hekalu hapakuwa na hekalu. Palikuwa na uwanja, na katikati yake kuba kubwa jeupe lenye macho mawili yaliyochorwa kileleni. Purna akaeleza kwamba kuba huzungukwa kwa kufuata mwendo wa saa, likiwa upande wako wa kulia. Mama akataka kujua mtu akizunguka kinyume inakuwaje.

Purna akasema miaka nayo hurudi nyuma. Alisema hivyo kama mtu anayeelekeza choo kilipo.

Mama akakaza khanga kiunoni, akaanza kuzunguka kinyume.

Mzunguko wa kwanza alirudi akitembea haraka kuliko alivyoondoka. Uliofuata, mvi zilikuwa zimekwisha. Magurudumu ya sala, yale ya shaba ambayo waumini huyazungusha kwa mkono, yalimlalamikia kila alipopita, yakisema anayatia kizunguzungu. Aliyajibu yashikilie ukuta.

Alipotokea tena alikuwa msichana mwenye shingo ndefu, na Purna alikuwa amevua kofia anajitengeneza nywele.

Hapo nikaona vidole vyangu vinapitisha mwanga. Natazama tumbo langu, naona mawe ya uwanja. Nikayauliza macho ya kuba nifanye nini. Yakasema kazi yao ni kutazama tu.

Nikamkimbilia. "Mama, simama. Ukiongeza mmoja tu, mimi sijazaliwa."

"Wewe ni nani, kaka?"

Hakuwa anatania. Nikamwambia mimi ni Mbonea, mwanawe. Akauliza kama mimba yangu ilimsumbua. Nikaona nisidanganye: nikasema alitapika mpaka siku ya kujifungua, na kwamba nilitanguliza miguu. Akauliza sasa nafanya kazi gani. Nikasema nauza vipuri vya pikipiki. Akamtazama Purna, akaitazama na miguu yake mwenyewe, myembamba, iliyonyooka.

"Haya, twende," akasema mwishowe. "Lakini ujue, miguu hii nilikuwa naipenda."

Nilitaka kumshika mkono, mkono wangu ukapita katikati ya wake kama moshi. Basi tukatembea sambamba, kuba likiwa kulia. Kila mzunguko ulinirudishia uzito kidogo, na yeye ulimrudishia makunyanzi. Kitambi changu kilipofika, akacheka, akaniita kwa jina. Purna akavaa kofia yake.

Mvi zilipokwisha kurudi, mama akasimama ghafla. Purna akamkumbusha kwamba bado mzunguko mmoja.

"Huo nauacha," mama akasema. "Nimekuja kote huku, sirudi nyumbani mikono mitupu."

Macho ya kuba yakatazama pembeni.

Nikaamka. Nilikuwa Same, chumba cha wageni nyumbani kwa mama, na jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nikatoka. Mama alikuwa ameketi barazani anashona kifungo cha shati langu. Miwani yake, ambayo bila hiyo hata sura yangu haioni vizuri, ilikuwa ndani, juu ya redio. Akalamba ncha ya uzi, akautia kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza, akaniuliza mbona namkodolea macho.