Shuka la Jumamosi

Shemeji yangu aliuza mlango. Sisemi kwa mafumbo. Mlango wa mbele wa nyumba yake, wa chuma, aliung'oa na bawaba zake mchana dada yangu akiwa kazini, akaupakia kwenye mkokoteni, na kabla ya jioni pesa yote ilikuwa imeliwa na mechi alizobeti. Dada alirudi akakuta nyumba iko wazi, paka wa jirani amelala kitandani. Siku hiyohiyo alihamia kwangu na watoto, na tangu hapo wapwa wangu walikuwa wakilala sebuleni, miguu imeingia chini ya meza.

Kwa hiyo mtu huyo alipokuja kwenye kibanda changu cha kunyolea akaniambia ameokoka, nilicheka mpaka mteja aliyekuwa kitini akaniomba nizime mashine kwanza.

"Umeokoka lini? Kabla ya mlango au baada?"

"Baada, shemeji."

"Basi Yesu wako kachelewa."

Akaitikia kwa kichwa. Zamani angenirudishia maneno matatu kwa moja langu. Ule upole wake mpya ulinichefua kuliko matusi.

Kisha akaniomba jambo la ajabu. Kila Jumamosi, saa za mechi kubwa, nimkalishe kitini, nimfunge shuka la kunyolea shingoni, mikono ikiwa ndani, nimnyoe polepole mpaka mpira uishe. Mchungaji wake alikuwa amemwambia kwamba saa ile mbaya asikae na watu wanaompenda, maana atawalaghai. Atafute mtu asiyemwonea huruma.

"Nimewaza sana," akasema, "nikaona ni wewe."

"Hapo umepatia."

Dada alikuwa ameniachia mimi neno la mwisho. Nikimwambia mumewe amepona, atarudi. Nikimwambia bado, anatafuta chumba chake na wanawe, na huyo bwana hatamwona tena. Shemeji alilijua hilo. Nami nikakubali kumnyoa, wala si kwa wema. Nilitaka awe karibu siku atakapoanguka, nimshuhudie kwa macho yangu, nikamwambie dada mambo yamekwisha.

Kibanda changu kinatazamana na duka la kubeti. Ukikaa kitini unaliona lote kwenye kioo. Jumamosi ya kwanza nilimnyoa nywele, iliyofuata ndevu. Baada ya hapo hapakuwa na cha kunyoa, nikawa nampitishia mashine iliyozimwa juu ya upara. Goli likiingia, kelele zinavuka barabara, jasho linamtiririka, vidole vinahangaika chini ya shuka kama panya ndani ya gunia. Midomo haitulii: "Bwana Yesu, nishike. Saa hii tu, nishike."

Sikumhurumia. Nilimsomea matokeo kwa sauti. "Kumbe wageni wanaongoza! Ungeweka mkeka wa kubeti leo, ungenunua milango miwili."

"Kaza fundo, shemeji," akaniambia.

Nikakaza mpaka likamwacha na alama shingoni.

Siku ya fainali niliamua kumaliza mchezo. Sikufungua kibanda. Nilitia kufuli, nikavuka barabara, nikaingia ndani ya duka la kubeti, mimi ambaye sijawahi kubeti hata kwa mzaha, nikajibanza nyuma ya nguzo, kofia imenifunika macho. Maneno ya kumwambia atakapoingia nilikuwa nimeshayapanga.

Alifika, akalitikisa kufuli, akaangaza huku na huku. Halafu akaliangalia duka, akashuka barabarani.

"Njoo," nilinong'ona. "Njoo, mshenzi wewe."

Katikati ya barabara akasimama. Pikipiki zilimpigia honi, madereva wakamtukana, yeye midomo inacheza tu. Kisha akageuka, akarudi. Akafungua mfuko wake wa plastiki akatoa shuka la kitanda, la maua, ambalo nililijua kuwa ni la dada. Akajifunga mwenyewe shingoni, akaketi kwenye kizingiti changu, mikono ndani, upara unang'aa juani.

Watu walimcheka. "Mzee, kinyozi kafa?" Hakuinua kichwa. Alikaa hivyo mpaka fainali ikaisha, nami nyuma ya nguzo yangu sikuona hata goli moja.

Watu walipotoka nikatoka nao, maana mlango ni mmoja. Akaniona. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Badala yake uso wake ukajaa huruma, na hiyo ndiyo iliyonikata maini.

"Na wewe, shemeji?" akaniuliza taratibu. "Tangu lini?"

Nikafungua mdomo. Kama sikuwa nabeti, nilikuwa nafanya nini mle ndani? Nimwambie nilimtega? Nimwambie nilikuwa namngoja aanguke, na nilimwita? Nikaufunga mdomo.

"Kaa hapa," akasema, akinisogezea nafasi. "Usione aibu." Akalifungua shuka, limelowa jasho lake, akanifunga mimi. "Shuka peke yake halimshiki mtu. Linafunguka hili. Mimi leo nilishafika katikati ya barabara. Bwana Yesu ndiye aliyenirudisha."

Akaniwekea mkono kichwani, mimi niliyemkaba shingo, akaanza kuniombea kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Bwana amshike shemeji yangu. Amwondolee kiu hii. Asije akauza mlango wake na yeye.

Hasira ilinipanda. Wateja wangu walikuwa wakipita, wananikodolea macho. Nilitaka kumsukuma aanguke, lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya shuka, na fundo alilikaza sawasawa. Hasira ikaniishia palepale nilipokaa, ikabaki aibu, aibu ya kweli, ambayo nilikuwa nimeistahili kwa kosa jingine kabisa.

"Amina," nikasema, meno yamebana.

Aliponifungua nikatoa simu, nikampigia dada mbele yake.

"Njoo umchukue mumeo," nikamwambia. "Amenichosha. Mlango nitanunua mimi."

Shemeji akanishika mkono, akaniinamia sikioni.

"Lakini isiwe pesa ya mle ndani, shemeji."

"Si ya mle," nikasema.