Sahihi Iliyongojewa

Mkuu wa ghala la dawa alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya ugavi na usafirishaji, na uchovu ulikuwa umemkaa mpaka kwenye kope. Tasnifu yake iliuliza kwa nini dawa huchelewa kufika zahanati. Alitarajia kuwalaumu madereva.

Alasiri moja alipanga hati za mwaka mzima kwa tarehe. Malori hayakuwa yamechelewa. Maboksi yalilala ghalani kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu yakingoja sahihi yake, naye siku hizo alikuwa darasani akijifunza kuharakisha mizigo.

Alimpigia mumewe simu. “Baba watoto, anayechelewesha dawa ni mimi.”

“Basi badilisha mada, mke wangu. Umechoka vya kutosha.”

Alikata simu. Kisha akamwita msaidizi wake, mama mtu mzima, akamkabidhi mhuri. “Nisipokuwepo, utaweka sahihi wewe. Mbona hukuniambia kuwa maboksi yananingoja?”

“Nilikuonea huruma, bosi. Ulikuwa na mambo mengi.”

Alivuta kiti, akaanza sura ya nne ya tasnifu, na cheo chake akakiandika kwenye sentensi ya kwanza kama chanzo cha ucheleweshaji.