Boriti ya Chini ya Tangi

Boriti zilitoweka asubuhi, hata chai haijapoa. Mkaa alifungua kompyuta, akaita ramani ya ghorofa ya kwanza ya zahanati, akaona kila mstari umekuwa mwembamba kama unywele. "Mjomba tena," akanung'unika, akabonyeza kitufe, unene ukarudi. Hapo ndipo alipoona lililo kubwa zaidi. Nguzo zipo, kuta zipo, lakini upande mzima wa vyoo hakuna hata boriti moja.

Jina la Mkaa alilipata kwa mjomba wake huyo huyo, kwa sababu utotoni hakuna ukuta uliosalimika akiwa na kipande cha mkaa mkononi. Sasa wako ofisi moja. Mjomba ni mhandisi, na Mkaa ndiye anayejenga majengo ndani ya kompyuta kabla mafundi hawajayajenga kwa zege. Mjomba alijifunza kuchora kwa kalamu ya wino, na kompyuta aliipokea kama mkwe ambaye si yeye aliyemchagua: kwa adabu, lakini jicho haliondoi.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mkaa, mikono kiunoni.

"Si nilisema mimi? Wino haupotei."

"Hazijapotea, Mjomba."

"Ziko wapi basi?"

"Ndiyo kazi ninayoifanya hapa."

Simu ikalia. Ni fundi mkuu, kutoka kwenye ujenzi: nondo zimeshushwa, watu wamekaa bure, na zege linamwagwa kesho. Mjomba akamwahidi michoro mchana, akakata, akamgeukia mpwa wake. Safari hii hapakuwa na utani.

"Ikifika mchana hazionekani, naichora ramani yote upya kwa mkono, hata nikikesha. Na wewe mama, utarudi mapokezi. Siwezi kumwaga zege kwa mchoro unaojifuta wenyewe."

Maneno hayo yalimchoma. Alikaa mapokezi miaka akipokea simu za watu wasiotaka kumsikiliza, na jibu lake lilikuwa lile lile kutwa nzima: ngoja nikupe mwenyewe, kisha simu inakwenda kwa mjomba. Huko harudi ng'o. Lakini Mkaa si mtu wa kutetemeshwa na kioo cha kompyuta. Alivuta kiti, akapiga funda la chai, akaanza.

Kwanza alilitazama jengo kwa ubavu, kama limepasuliwa kwa msumeno. Loo, boriti hizo hapo! Zimejilalia chini ya sakafu, nene, hazina habari. Akacheka peke yake.

"Njoo uone, Mjomba. Zipo. Tatizo ni jicho."

"Jicho la nani?"

"La programu. Hii ramani ni kama mtu aliyesimama juu anatazama chini, na tumemwekea kina cha kutazama, asipite hapo. Jana nilishusha sakafu ya vyoo ili mabomba yapite, na boriti zikashuka nayo. Zimekwenda chini kuliko jicho linapofika."

Akaongeza kina. Boriti zikarudi, moja baada ya nyingine, na mjomba akashusha pumzi ndefu.

"Umeniponya. Tuma sasa, tuma."

Mkaa hakutuma. Ana tabia ya kupitia kila boriti kwa kidole, nguzo hadi nguzo, na kuacha alama kwenye kioo, jambo linalomkera mjomba kupita kiasi. Kidole kilifika kwenye wodi ya wazazi, ambayo tangi la maji litakaa juu yake. Kikasimama. Palikuwa patupu.

"Ongeza kina," mjomba akasema, keshakuwa mtaalamu. "Jicho halijafika."

Akaongeza. Patupu. Akatazama kwa ubavu. Patupu.

"Hii haijajificha, Mjomba. Haipo."

"Basi ulisahau kuiweka."

"Sikusahau." Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo boriti aliyoanza nayo. Hata ukimwamsha usingizini atakutajia unene wake. "Jana nilipotoka, nani alikaa hapa?"

Mjomba akakohoa.

"Nilipitia tu. Nikasafisha kidogo."

"Ukasafisha nini?"

"Kulikuwa na kimstari. Chembamba, kimekatiza katikati ya wodi peke yake, kama kalamu imeteleza. Nikakifuta."

Mkaa akaelewa yote. Macho ya mjomba yamechoka, mistari mizito humchanganya, kwa hiyo kila akikaa hapo huifanya yote kuwa myembamba. Boriti nyingine zimefuata kuta. Hiyo moja ilikuwa peke yake, na mjomba ni mtu aliyeishi na wembe mezani, akikwangua kila wino uliopita mpaka. Mstari asioujua humuwasha.

Hakumsema. Aliirudisha boriti, nguzo hadi nguzo, akahesabu upya uzito wa tangi na maji yake, akaona imebeba. Mjomba alikuwa ameketi, akitazama pale kitanda cha mzazi kilipochorwa.

Simu ikalia tena. Akaipokea mjomba.

"Michoro iko tayari," akamwambia fundi mkuu. "Nani kaikagua? Mimi niliikagua, nikafuta boriti ya tangi." Akaihamishia simu sikio la pili. "Ndiyo, umesikia vizuri. Imesharudi. Una swali jingine? Ngoja."

Akamnyooshea Mkaa simu.

"Ngoja nikupe mwenyewe," akasema.